Kura ya Moshi

Novemba 3

Naanza kuandika humu kwa sababu moja tu: humu hakuna wa kunijibu. Kwenye grupu letu ukisema jua ni la moto, kuna mtu atakuuliza ulipimia wapi.

Grupu linaitwa Kijiwe cha Sayansi. Wengi ni wa hapa Segese na Kahama, wachache wa Geita mjini. Kazi yetu ni kubishana. Roboti zitatunyang'anya kazi au ni vitisho tu. Mirihi kunaishika au hakuishiki. Simu mpya ya Wachina wameibuni au wameiga. Kama huko juu kuna viumbe, mbona hawatusalimii. Mwenye grupu ni bosi wangu, Vipul, mwenye duka la pampu na jenereta ninalouza mimi. Vipul kazaliwa Shinyanga, baba yake kazaliwa Shinyanga, Kisukuma anakijua kunizidi, lakini moyo wake uko kwenye vyombo vya angani. Wateja wasipokuwepo tunabishana ana kwa ana. Wakija tunabishana kwa simu, chini ya kaunta.

Sheria ni moja: ubishi ukizidi tunapiga kura. Kura zikihesabiwa Vipul anaandika "mada imefungwa", na atakayeifungua tena anatolewa nje wiki nzima. Bila hiyo tungekuwa mpaka leo tunabishana kama mtu alifika mwezini.

Kaka yangu Magesa naye yumo. Yeye ni mchimbaji. Ana shimo la dhahabu la ubia huko nyuma ya senta, wao wenyewe wanaliita duara, na akitoka chini ana matope mpaka kwenye kope, kitu cha kwanza anashika simu aone tumebishana nini.

Novemba 6

Mvua ya kwanza ya maana. Umeme ukakatika papo hapo.

Novemba 9

Leo nimepigwa kura mpaka nimetia huruma.

Kuna mwalimu wa sekondari huko Kahama, Eustace, ndiye nyota wa grupu. Anatutungia hadithi kwa sauti, kipande kwa kipande, kila Jumamosi. Ana sauti nzito, haharakishi, hata akisoma bei ya nyanya utamsikiliza. Mimi namkubali, na hapa nitaishia hapo hapo.

Hadithi ya sasa ni ya watu wanaoishi mapangoni huko Mirihi. Wana hewa yao ya kutengeneza, wana mashamba chini ya taa, na leo kawapa injini za petroli za kusukumia maji. Nikaandika: "Mwalimu, injini ya petroli ndani ya pango? Hao watu wako hawafiki jioni. Moshi utawamaliza."

Akanijibu kwa sauti, taratibu, kama anamfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Gesi inayoua kwenye moshi ni kaboni monoksaidi, na hiyo ni nyepesi kuliko hewa, fungua kitabu chochote. Kwa hiyo injini unaiweka kwenye kibao juu, watu wanakaa chini, gesi inapanda inatokea kwenye tundu la pango. "Serafina dada yangu," akamalizia, "moshi umeuona lini ukishuka?"

Vicheko vikajaa. Nikabisha, akanirudi, nikabisha, wakanizomea kwa vikaragosi vya mbuzi. Vipul akaitisha kura. Nimepata kura nne, na moja ni yangu.

Magesa kampigia kura Eustace. Ndugu yangu wa tumbo moja! Nikampigia simu kumsuta. Akacheka mpaka akakohoa.

"Sera, udugu ni nyumbani. Kwenye sayansi tunafuata hoja."

Mada imefungwa.

Novemba 13

Mvua. Nimeuza mabomba mpaka mikono imeota malengelenge.

Novemba 17

Jumapili. Baada ya misa nimekula kwa Magesa. Shemeji yangu Hosiana kapika ugali na sato, na mvua inapiga bati hata kuongea ni kwa kupaza.

Kaka ana furaha na ana wasiwasi, vyote kwa pamoja. Wameufikia mwamba wenyewe, ule waliokuwa wanautafuta tangu mwaka juzi. Mwenzake Masudi, yule mwenyeji wa Kigoma, kaponda kipande kidogo kwenye kinu akakiosha, kimewaka njano. Lakini maji yanaingia. Mvua ikishika hivi, mpaka Krismasi shimo limezama na mwamba wao uko chini ya bwawa.

"Si muweke pampu," nikasema. Mimi si muuza pampu?

"Tumeshanunua. Jana, kwa Vipul, wewe ulikuwa umeenda kwenye mahari ya yule rafiki yako. Ya petroli."

"Ya petroli haivuti maji kutoka chini huko. Mkiiweka juu itanguruma tu."

"Najua. Ndiyo maana tunaishusha. Tumechonga kibao ukutani, katikati ya shimo. Injini inakaa pale, sisi tuko chini yake." Akanitazama, akatabasamu. "Kama Mirihi."

Nikaliweka tonge chini. Nikamwambia kaka, wewe unatania. Akasema hatanii, na kwamba aliyelitoa wazo ni Masudi, maana Masudi anazisikiliza zile sauti za Eustace mara mbili mbili. Nikasema moshi utawaua. Akasema moshi unapanda, tundu liko wazi juu, wao wako chini. Nikasema hata mimi sijui sawasawa lakini najua hivyo sivyo. Akainua kidole kama Vipul.

"Mada imefungwa, Sera."

Hosiana akauliza tunaongea nini. Magesa akamweleza ubishi wote, na mapango, na mbuzi wangu. Hosiana akacheka, kisha akaacha kucheka, akamuuliza mumewe, "Lakini hiyo kura walipiga watu waliowahi kuingia shimoni?" Magesa akamwambia alete ndimu.

Novemba 18

Nimesoma asubuhi nzima, duka likanipita tu. Eustace hakusema uongo. Hiyo gesi ni nyepesi kuliko hewa kweli, ila kwa kiasi kidogo mno, hakina maana. Haipandi ikaenda zake. Inachanganyika na hewa kama maziwa kwenye chai, juu na chini, kote. Haina harufu wala rangi. Mtu kichwa kinamgonga, analegea, anakaa kidogo apumzike, basi.

Nikaenda stoo kutazama boksi la pampu kama ile. Ubavuni kuna picha ya nyumba yenye mashine ndani, imepigwa alama nyekundu ya mkasi. Nimeuza maboksi yale miaka mitatu, na ile picha nilidhani inakataza kuiba.

Nikampelekea Vipul boksi. Akavaa miwani, akasoma, akanirudishia. Akasema, "Mimi nimeuza pampu, Sera. Sikuuza shimo."

Novemba 19

Nimempigia Eustace. Nilijiandaa, nikanywa maji kwanza, mjinga mimi. Nikamwambia kaka yangu na wenzake wanaweka injini shimoni kwa sababu ya hadithi yako.

Akashtuka, hilo nimpe. Akasema, "Lakini ile ni Mirihi, Serafina. Ni hadithi."

"Kura haikuwa hadithi. Nenda kwenye grupu useme ulikosea."

Akasema hakukosea, gesi ni nyepesi kweli, tatizo ni matumizi. Nikasema basi kaseme tatizo ni matumizi, sema hivyo, sema chochote, Magesa anakusikiliza wewe. Akaahidi.

Novemba 20

Kaahidi na katimiza, lakini jamani, mnione! Kaandika hivi: "Wachimbaji wetu, hadithi zangu zisiwapeleke Mirihi bila tiketi, injini ziwekeni nje kwenye hewa." Mbele yake vikaragosi vitatu vya kucheka. Ujumbe haujapoa, mtu wa Geita akatupia video ya roboti inayokunja nguo, na roboti ikawa ndiyo habari. Wanauliza kama inaweza kukunja kanga. Wanauliza kama inaolewa.

Nikaingia mwenyewe. Nikaandika yote niliyosoma, kwa herufi kubwa, nikawataja Magesa na Masudi kwa majina. Nikasema ile kura ilikuwa ya upumbavu na naomba irudiwe.

Masudi akajibu kwa sauti: "Dada Sera hajapona ile kura!" Akacheka ule mcheko wake mrefu. Watu wakamuunga mkono. Na Vipul, ambaye juzi tu kalishika boksi mkononi, akanitoa. Wiki moja. Nilipotoka stoo nikamkuta kainamia kaunta.

"Sheria ni sheria, Sera," akasema. "Nikikuachia wewe, nitamzuia nani?"

Nimefagia duka mara mbili.

Novemba 24

Jumapili tena, nikaenda shimoni kwa miguu, matope yananivua viatu.

Kule kuna kamba. Mwanamke haruhusiwi kuivuka, wanasema akikaribia duara dhahabu inakimbia. Nimelijua hilo tangu utoto na sikuwahi kulijali, kwa sababu sikuwa na haja ya kwenda. Leo nimesimama pale mvuani kama mwizi aliyekamatwa, mlinzi kaninyooshea rungu, na mashine nasikia inaunguruma chini kwa chini, sauti inatoka ardhini. Nikapiga kelele nikamwita Magesa. Wachimbaji wa mashimo ya jirani wakaanza kunitukana. Mmoja akasema dada, toka na mkosi wako.

Magesa akaja mbio, amejaa aibu. Akanivuta pembeni mpaka kwenye kibanda cha soda.

"Sera, unataka wanifukuze?"

"Kaka, izime."

"Tumeiwasha tangu Alhamisi. Mbona tuko hai?" Akajipiga kifuani. "Nitazame."

"Kichwa hakiumi?"

Akasema kichwa kinamuuma tangu azaliwe. Nikamwambia nimekuwa sahihi, kuna picha, kuna maandishi, Eustace mwenyewe kasema. Akasema Eustace katania. Nikalia, sikuona aibu, nikamwambia kama ni ubishi basi umeshinda wewe, nakuachia, niko tayari kuwa mbuzi mwaka mzima, izime tu uipandishe juu. Akanishika bega. Akasema kuna pampu ya umeme, ya kuzama majini, mwenye ardhi ya machimbo kaahidi kuileta ikirudi kutoka kwa mafundi. Ikija tu wataipandisha hii. "Wiki mbili, Sera. Mwamba hautungojei."

Akaninunulia soda. Nikaibeba mpaka nyumbani bila kuifungua.

Novemba 28

Mvua.

Novemba 30

Mvua. Vipul kanirudisha kwenye grupu, siku zangu zilishaisha. Nimeingia, sijaandika kitu. Wanabishana kama mtu anaweza kuhamisha akili yake kwenye kompyuta akaishi milele.

Desemba 2

Mvua ya mawe leo. Nimempigia Magesa, kasema wako salama, wameweka turubai kubwa juu ya mdomo wa shimo ili maji yasiingie. Nikasema turubai tena? Simu ikakata. Sijui ni mtandao au ni yeye.

Nikampigia tena, haipatikani. Nikamtumia Hosiana ujumbe amwambie mumewe alitoe turubai. Akajibu: "Nimemwambia. Kaniuliza na mimi nimekuwa wa sayansi."

Desemba 7

Naandika Jumamosi. Ilikuwa Alhamisi.

Mchana, saa nane hivi, nilikuwa namwonyesha mteja jenereta. Pikipiki ikasimama mbele ya duka, kijana wa shimoni, hajavaa shati. Alinitazama tu, na mimi nikaanza kukimbia kabla hajafungua mdomo. Vipul akaniita, akafunga duka, akanikuta njiani na gari lake, nikapanda.

Kamba niliivuka. Hakuna aliyenikataza. Watu walikuwa wengi wamesimama bila kufanya kitu, na turubai limetupwa pembeni, na mashine imezimika. Sijawahi kusikia pale mahali pametulia hivyo. Waliokuwa wanatakiwa kushuka kuwatoa wenzao walikuwa wanaogopa kushuka, kwa sababu wa kwanza aliyeshuka alipandishwa anatapika. Mzee mmoja alikuwa anashusha matawi ya majani kwa kamba na kuyapandisha, kuipunga hewa. Vipul akarudi kwenye gari akaleta feni kubwa ya dukani na jenereta, akaviwasha mwenyewe.

Masudi alitoka wa kwanza. Shavu lake lilikuwa na rangi nzuri, jekundu, kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Nikasema yuko hai, yuko hai, nikampiga kofi aamke. Mwanamume mmoja akanishika mkono akanizuia. Valerian akafuata, naye hivyo hivyo. Huyo Valerian sikumjua vizuri, alikuwa mgeni, katoka kwao Bukoba mwezi wa tisa, kazi yake kujaza ndoo.

Magesa alikuwa kwenye kile kibao, juu yao, pembeni ya injini. Wanasema alipanda kuongeza petroli, akakaa apumzike. Kumbe mdomoni mwa shimo turubai lilikuwa limevutwa upande kidogo, ikaingia hewa ya kumtosha. Alikuwa anakoroma. Nimeshukuru koromo kama mtu anavyoshukuru mvua. Tukamtia garini kwa Vipul, kichwa mapajani mwangu, na njia yote mpaka hospitali Vipul alikuwa anasema maneno ya kwao, siyaelewi, nadhani alikuwa anaomba.

Wakamwekea hewa. Hosiana alikuja na mtoto mgongoni, hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama mashine ilikuwa inawaka alipopatikana. Nikasema mafuta yalikuwa yameisha.

Jana asubuhi Magesa kafungua macho. Kaniona, kasema, "Sera." Halafu kasema, "Kichwa." Nimelia mpaka nesi akanitoa nje.

Desemba 9

Valerian kasafirishwa kwao. Masudi kazikwa hapa, ndugu zake walishindwa kufika kwa wakati. Shehe kasoma dua mvua ikinyesha, na watu wa mashimo yote walikuja, hata wale walionitukana. Eustace alikuja kutoka Kahama. Alisimama mbali, mwavuli kaufunga, kalowa. Alinikaribia, nikageuka.

Desemba 10

Kwenye grupu wameweka mishumaa. Mishumaa kurasa kwa kurasa. Eustace kaandika tanzia ndefu, nzuri, ameandika kuhusu mcheko wa Masudi hata mimi nikausikia. Hakuandika neno lolote kuhusu injini.

Nimeuliza: "Ile kura iko wapi?"

Baada ya kitambo mtu katuma habari za simu inayokunjika mara tatu.

Desemba 15

Magesa yuko nyumbani! Anatembea, anakula, ananitania kwamba sasa naweza kuwa mbuzi kwa hiari. Ananiambia, "Ulikuwa na hoja, Sera," na kwa Magesa hilo ni sawa na kupiga magoti. Hosiana kachinja kuku. Nilicheka leo, nikasikia kicheko changu kama cha mtu mwingine.

Desemba 25

Krismasi. Kaka kavaa suti yake ya harusi. Mvua imetuachia mpaka jioni. Vipul kaleta keki. Amani.

Desemba 31

Magesa kaweka chumvi kwenye chai. Tumecheka.

Januari 4

Hosiana kaja dukani, jambo ambalo hafanyi. Anasema mumewe kaamka, kavaa viatu bila soksi, kavivua, kavaa, kavivua, mpaka jua likawa kali. Akimwita haitiki. Akiitika anauliza wamekula.

Nikamwambia ni uchovu. Nilisema tu.

Januari 8

Katembea leo kama mtu aliyevaa gumboots zilizojaa maji. Hatua fupi, miguu haiinuki. Nilimwonyesha kwenye simu roboti mpya, mada aliyokuwa anaipenda kuliko zote. Akaitazama. Akatabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mgeni anayeongea lugha usiyoijua.

Januari 11

Kajikojolea kanisani. Wazee wa jumuiya wanasema ni mizimu ya wenzake wawili, kuna mtaalamu huko Kishapu. Mama yetu yuko tayari kuuza ng'ombe. Mayu, nikamwambia, tupe siku tatu, tumrudishe hospitali kwanza.

Januari 14

Daktari ni kijana, lakini hakutuzungusha. Alimpima, akamwambia ataje siku za juma, Magesa akaishia Jumanne. Akamtoa nje kwa upole, akatukalisha mimi na Hosiana.

Akasema sumu ya moshi ina tabia hii mbaya. Mtu anaamka, anarudi nyumbani, mnashukuru Mungu, mnachinja kuku. Halafu wiki zinapita, na ubongo unaanza kuzimika kidogo kidogo, kwa sababu ulishaumia siku ile ile. "Si mizimu," akasema, "na si uzembe wenu." Wengine hurudi baada ya miezi. Wengine hawarudi. Dawa hasa ya kumrudisha hakuna.

Hosiana akauliza kama atamjua mtoto wake. Daktari akasema, "Kwa sasa mkumbusheni kila kitu. Majina, vitu, kila siku."

Kwenye gari la kurudi Magesa kashika mkono wa mkewe njia nzima. Sijui kama alijua ni wa nani.

Januari 19

Eustace kaja nyumbani kwa Magesa na machungwa. Nilitaka kumfukuza, Hosiana akasema aingie, mgeni ni mgeni.

Akakaa kwenye mkeka, akamsalimia Magesa, akaanza kumsimulia hadithi. Ile ile sauti. Akamwambia habari za nyota inayokufa, na Magesa akacheka mahali ambapo hapakuwa na kicheko. Eustace akaiachia hadithi hapo. Nikaona jasho limemtoka. Miezi yote nilimwona kama mtu mrefu. Ni mfupi. Ana kola iliyochakaa.

Tulipokuwa uani akasema, bila kunitazama, "Serafina, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba tofauti ni ndogo. Kwamba inachanganyika. Nilijua siku ile ile nilipokuwa nasema. Lakini ulikuwa umenibana, watu wanasoma, nikatafuta neno la kushinda. Nilitaka kushinda tu."

Nilidhani nitampiga. Nilitazama mikono yangu, imetulia. Nikamwambia, "Mimi nilitaka useme hivyo Novemba."

"Nifanye nini sasa?"

"Yaseme hayo kwenye grupu. Kwa sauti yako hiyo."

Akatoa simu palepale, kwenye kivuli cha jiko. Alirekodi mara ya kwanza akafuta. Ya pili akaituma. Alisema kila kitu: alijua, alinyamaza, akatania ilipotakiwa aseme, Masudi na Valerian wamekufa, Magesa hamjui mkewe. Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa inakwama.

Tukasubiri wote wawili tumeinamia simu moja.

"Pole sana mwalimu." "Ni mipango ya Mungu." "Usijilaumu." Vipul akaandika tu: "Na mimi niliona boksi." Halafu mtu wa Geita akauliza, samahani, nyepesi kwa kiasi gani hasa? Mwingine akaweka hesabu. Wa tatu akasema hiyo hesabu ni ya joto la kawaida, shimoni joto ni tofauti. Wakaanza. Wakabishana kwa dakika kumi bila mtu kuvuta pumzi, na mmoja akaandika, bila ubaya wowote, hana ubaya yule, "Jamani, si tupige kura?"

Eustace akaiweka simu kifudifudi juu ya jiwe. Mimi nikatoka kwenye grupu. Nimekaa nikitazama maneno yale, umetoka, na sikuhisi kitu.

Januari 23

Vipul kaondoa pampu zote za petroli dirishani. Kila anayenunua anamshika mkono, anamwonyesha ile picha, anamuuliza utaiweka wapi. Wateja wanamwona kachanganyikiwa. Wengine wanaenda kwa jirani.

Januari 28

Mvua.

Februari 2

Jumapili. Mvua imekata kwa siku kadhaa, uani kumekauka. Nimemkuta Magesa kwenye kigoda juani, Hosiana anamwosha miguu. Anamwambia majina ya vitu kama alivyoagiza daktari. Hili ni beseni. Hii ni sabuni. Huyu ni mwanao, anaitwa Kudra. Magesa anarudia kila neno, anajitahidi, uso umekunjana kwa bidii.

Aliponiona akainuka. Miguu ina mapovu, ikateleza, Hosiana akamdaka. Akasimama wima, akainamisha kichwa, mikono kaikutanisha mbele kama tulivyofundishwa tukiwa wadogo kwa watu wazima.

"Shikamoo," akaniambia.

Hosiana akabaki na kopo la maji hewani. "Baba Kudra," akasema, "huyo ni Sera. Ni mdogo wako. Ulimbeba mgongoni."

Magesa akamtazama mkewe, akanitazama mimi. Hofu ikamwingia, akadhani hakusikika, au kakosea mbele ya mkubwa. Akainama zaidi.

"Shikamoo mama."

Alikuwa anangoja. Hawezi kukaa mpaka aitikiwe, hilo bado analijua, limebaki. Hosiana kageuza uso.

Nikaitikia marahaba. Akafurahi, akakaa, akarudisha miguu kwenye beseni.